Programu za Kujifunzia Lugha na Mwanafunzi Anayeanza: Maelezo kwa Wasomao Kigiriki na Kiebrania Pwani

Makala hii imekusudiwa kwa wachungaji walioko kazini na wanafunzi wa theolojia ambao wameanza, au wanakusudia kuanza, kujifunza lugha za Biblia kwa msaada wa programu za kompyuta na za simu. Sitazieleza programu zote, maana ni nyingi na hubadilika kila mwaka. Nitaeleza kwamba programu hufanya kazi moja vizuri, na kwamba anayeanza hufaidika nayo pale tu anapoijua kazi hiyo na kuzitafuta zile nyingine mahali pengine. Mifano mingi nimeitoa Bagamoyo na katika sharika zilizo kando ya barabara itokayo Dar es Salaam, yaani Bunju, Mapinga na Kerege, kwa kuwa ndiko ninakofanya kazi. Tena mji wa Bagamoyo una sehemu yake katika historia ya kufundisha lugha, sehemu ambayo wengi wetu hatukufundishwa vyuoni.

Hatuna haja ya kubishana juu ya umuhimu wa lugha hizi. Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 akiwasihi wafungue shule, na katika waraka ule alizifananisha lugha na ala inayouhifadhi upanga wa Roho. Kwetu sisi jambo lenyewe ni la karibu zaidi. Mchungaji aliyeisahau Kigiriki chake miaka miwili baada ya kuwekewa mikono huandaa mahubiri kwa kutegemea vitabu vya ufafanuzi vya Kiingereza, akimhubiria mvuvi na mkulima wa minazi mawazo ya mtu ambaye hakuwafikiria hata mara moja. Na wengi wetu tumeisahau. Ndiyo maana simu inayoahidi kuturudishia lugha kwa dakika kumi kila siku hutuvutia sana.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliweka katika simu yangu programu moja, nikachagua Kigiriki, nikafanya mazoezi kila usiku bila kukosa kwa muda wa miezi minne. Programu ilinisifu, ikanipa alama, ikahesabu siku zangu zisizokatika. Kisha ikaja Alhamisi Kuu. Nilifungua Agano Jipya la Kigiriki nisome habari za Meza ya Bwana, na neno la mkate sikulijua.  Nilikuwa nimejifunza kwamba mkate ni psomi, lakini mbele yangu palikuwa na artos. Divai, ambayo mimi niliijua kwa jina la krasi, katika Agano Jipya huitwa oinos. Maji nayo, ambayo mimi niliyajua kwa jina la nero, katika Injili yanaitwa hudor. Nilikuwa nimesoma Kigiriki cha watu wanaokaa Athens leo.

Hilo halikuwa kosa la programu, bali la mtu aliyesoma jina la lugha bila kuuliza ni lugha ya karne ipi. Yafaa kila anayeanza alijue jambo hili kabla ya kutumia hata saa moja. Duolingo, ambayo ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2012 na ambayo vijana wetu wengi huifahamu kuliko nyingine, inafundisha Kigiriki na Kiebrania, lakini ni Kigiriki cha leo na Kiebrania cha leo. Mwenye nia ya kusafiri atafaidika. Mwenye nia ya kusoma Yohana au Mwanzo hana budi kutafuta mafunzo yanayotajwa wazi kuwa ni ya Kigiriki cha Agano Jipya au Kiebrania cha Biblia. Hata hivyo miezi yangu minne haikupotea yote, maana herufi nilizijua, na siku moja nilipofika Yohana 13 nikakutana na neno psomion, lile tonge ambalo Bwana alilichovya akampa Yuda. Kumbe mkate wa Wagiriki wa leo ulianza kwa tonge.

Kazi ambayo programu huifanya vizuri

Kazi hiyo ni kupanga marudio. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba tunasahau kwa kasi kubwa katika saa za kwanza, kisha kasi hiyo hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali hushika kuliko marudio yaleyale yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner aliligeuza jambo hilo kuwa utaratibu wa kadi na sanduku lenye vyumba. Kadi mpya hukaa chumba cha kwanza na hurudiwa kila siku. Ukiijibu sawa huhamia chumba cha pili ambacho hurudiwa baada ya siku kadhaa, kisha cha tatu baada ya muda mrefu zaidi, na kuendelea. Ukiikosea, hata ikiwa imefika mbali, hurudi chumba cha kwanza. Programu kama Anki, iliyotolewa na Damien Elmes mwaka 2006, hufanya kazi hiyohiyo kwa hesabu ya kompyuta, ikiamua kila neno lirudi siku gani.

Naeleza chanzo hiki kwa makusudi. Mwanafunzi asiye na simu ya kisasa, au aliye mahali ambapo umeme hukatika siku mbili, asidhani kwamba amefungiwa mlango. Karatasi ya manila iliyokatwa vipande, na boksi la viatu lililogawanywa sehemu tano, vinatosha. Nimewaona wanafunzi waliotumia boksi wakiwashinda wenye simu, labda kwa sababu waliandika kila neno kwa mkono wao. Mwenye simu naye ajue kwamba Anki kwenye simu za Android hutolewa bure, na baada ya kuipakua hutumika bila intaneti, kwa hiyo haili kifurushi chake.

Lakini ndani ya kazi hii moja kuna tofauti ambayo anayeanza huipuuza. Kutambua si kukumbuka. Ukikutana sokoni na mtu mliyesoma naye shule ya msingi, uso wake unautambua mara moja, ila jina halikujii. Mazoezi yanayokupa majibu manne uchague moja hukufundisha kutambua uso tu. Kwa hiyo, kadi inapotokea, funika jibu kwa kiganja, litamke kwa sauti, ndipo utazame. Ukibaki kimya usijihesabie kwamba umelijua. Wenzako nyumbani watakushangaa kwa siku tatu za kwanza, kisha watazoea.

Kuhusu kiasi, yatosha kujua kwamba katika Agano Jipya la Kigiriki maneno yapatayo 300 tu ndiyo yanayotokea mara 50 au zaidi, na hayo peke yake ni takribani asilimia 80 ya maandishi yote. Maneno matano mapya kwa siku yatakufikisha hapo kwa siku 60. Naomba msomaji asifurahi kupita kiasi, maana neno moja kati ya matano ambalo bado hulijui mara nyingi ndilo ulilolihitaji kwa mahubiri. Lakini ukiwa na manne unaweza kulitafuta la tano katika kamusi bila kukata tamaa.

Kadi ziandikwe kwa Kiswahili

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kwa muda. Programu nyingi za lugha za Biblia zimeandaliwa kwa mtu anayefikiri kwa Kiingereza. Maelezo yake ni ya kumtoa mtu huyo mahali alipo, na mahali hapo sipo tulipo sisi. Mwanafunzi wetu anayejifunza Kigiriki kupitia Kiingereza huvuka bahari mara mbili kwa kitu ambacho pengine kilikuwa kando yake.

Chukua kitenzi. Mwingereza huelezwa kwa kurasa kadhaa kwamba katika Kigiriki nafsi imo ndani ya kitenzi: luo, lueis, luei. Sisi tunasema nafungua, wafungua, afungua, na hatujawahi kushangaa. Tofauti ni kwamba sisi tunaiweka nafsi mwanzoni na wao mwishoni. Chukua sifa. Mwingereza husumbuka kwamba neno «-ema» liwe agathos, agathe au agathon kulingana na jina linalofuatana nalo. Aliyekua akisema mtu mwema, kitu chema na neno jema anahitaji tu kuambiwa kwamba Wagiriki wana ngeli tatu.

Chukua tena nyakati. Neno gegraptai, ambalo waandishi wa Agano Jipya hulitumia wanapotaja Maandiko, limo katika hali inayoonyesha tendo lililokwisha na ambalo matokeo yake yapo bado. Sisi tuna -me- kwa ajili hiyo: imeandikwa, na maandishi yapo. Hatuhitaji kulizungukia. Andika «imeandikwa» nyuma ya kadi, si tafsiri ya Kiingereza.

Katika Kiebrania utajiri ni mkubwa zaidi. Sura ya kwanza ya Mwanzo huanza na bara, yaani aliumba, kisha hufuata mlolongo: wayyomer, wayyar, wayyavdel, wayyiqra. Vitabu vya sarufi vya Kizungu hutumia jitihada nyingi kueleza umbo hili, kwa sababu ukilitazama juujuu lafanana na wakati ujao, na aliyejifunza Kiebrania cha leo hushawishika kulisoma hivyo. Lakini mtu wa Bagamoyo husimulia hadithi vivyo hivyo kila jioni. Huanza kwa -li- na kuendelea kwa -ka-: aliumba, akasema, akaona, akatenganisha, akaita. Nimemwona mwanafunzi aliyekuwa amekwama kwa wiki mbili akifunguka kwa dakika moja alipoambiwa kwamba wayyomer ni «akasema». Aliuliza kwa nini hakuambiwa tangu mwanzo. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kisha yako maneno yenyewe. Kwa kuwa Kiarabu na Kiebrania ni ndugu, na Kiswahili kimechukua mengi kutoka Kiarabu, mtu wa pwani anaanza Kiebrania akiwa na akiba. Nabii ni navi, malaika ni mal'akh, nafsi ni nefesh, damu ni dam, elfu ni elef, mia ni me'ah, ardhi ni erets. Aliyesema kitabu, katibu na maktaba tayari ameishika mizizi ya herufi tatu, k-t-b, bila kujua, na akikutana na katav, «aliandika», atakuwa kama aliyeingia nyumba ya jamaa. Kadi za maneno haya zisichanganywe ovyo na nyingine. Zianzwe kwanza, maana zinampa anayeanza moyo, na moyo ndio unaopungua mapema.

Tahadhari moja yahitajika. Undugu si usawa. Ruach ni roho, lakini pia ni upepo, na roho ya Kiswahili haivumi. Nefesh ni pana kuliko nafsi yetu. Ukiandika neno moja nyuma ya kadi, ongeza mstari mfupi unaotaja mahali palipo na maana nyingine, la sivyo programu itakukaririsha nusu ya neno kwa uaminifu mkubwa.

Mwalimu aliyetoka Dunda

Sasa nije kwenye kazi ambayo programu haiifanyi. Mwaka 1887 ilianzishwa mjini Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha zilizofundishwa, kwani serikali ya Ujerumani ilihitaji watumishi kwa ajili ya koloni lake, ambalo makao yake wakati ule yalikuwa Bagamoyo hadi yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Vitabu vya sarufi vilikuwapo. Krapf, Mjerumani wa malezi ya Kilutheri aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa ametoa sarufi yake mwaka 1850, na Askofu Steere wa Unguja alitoa yake mwaka 1870. Kama kitabu kingetosha, Berlin ingenunua vitabu.

Badala yake seminari ile ilitafuta watu. Mwalimu wa Kijerumani alieleza sarufi, na kando yake akawapo msemaji wa lugha yenyewe, ambaye wanafunzi walizungumza naye na kusikiliza matamshi yake. Mwaka 1900 nafasi hiyo alipewa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, karibu na Bagamoyo, Mwislamu aliyekuwa amefundisha Kurani. Sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903, ilitokana na kalamu yake. Mji ambao leo wageni huujia wakiwa na Kiswahili cha simu mfukoni ndio uliompeleka Ulaya mmoja wa walimu wa kwanza wa Kiswahili.

Malipo aliyoyapata ni habari ya huzuni. Alimwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904, na mwaka uliofuata alipotaka kurudi nyumbani pamoja naye, serikali ya koloni ilimzuia. Alifariki Berlin mwaka 1927. Waliojifunza lugha kinywani mwake waliruhusiwa kukaa katika nchi yake, na yeye hakuruhusiwa. Nalitaja jambo hili kwa sababu kujifunza lugha bila kumheshimu mwenye lugha kuliwezekana wakati ule, na kunawezekana leo kwa urahisi zaidi, kwa kuwa simu haidai heshima yoyote.

Krapf mwenyewe alilijua hitaji la mtu hai. Alipoanza kuifasiri Mwanzo kwa Kiswahili, alisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Mlutheri mmoja na kadhi wa Kiislamu wakainama juu ya kitabu kimoja. Wala hatuambiwi kwamba mmoja wao alipungukiwa na imani kwa ajili hiyo.

Msomaji atauliza: mtu hai wa Kigiriki cha Paulo tutampata wapi? Hatutampata. Lakini wawili au watatu wanaosomeana kwa sauti wanatosha kuiondoa lugha kwenye kioo cha simu na kuiweka kinywani. Mkubaliane juu ya matamshi mamoja, yale mliyofundishwa chuoni, wala msipoteze jioni mkibishana juu ya hayo. Kwa anayejifunza Kijerumani kwa ajili ya uhusiano na sharika rafiki, mgeni akija asisindikizwe tu kwenye magofu ya Kaole; aombwe nusu saa ya mazungumzo, naye apewe nusu saa ya Kiswahili, pamoja na kuelezwa nani huamkiwa shikamoo na nani haamkiwi.

Siku ya kawaida na siku ya msiba

Utaratibu ninaoupendekeza ni mfupi. Wiki mbili za kwanza ni za herufi tu, zikiandikwa kwa kalamu. Baadaye, marudio ya dakika kumi na tano alfajiri kabla ya shughuli za usharika, maneno mapya matano, na siku moja kila wiki isiwe na neno jipya lolote, bali aya tatu za maandishi yenyewe. Kwa Kigiriki Waraka wa Kwanza wa Yohana ni mwepesi kuliko vyote. Aliyekariri maneno 300 bila kusoma aya hata moja ana kamusi tu kichwani.

Tatizo halitakuwa siku za kawaida. Litakuwa juma lenye misiba miwili, kikao cha jimbo na mtoto mgonjwa. Utakaporudi programu itakuambia kwamba kadi 200 zinakungoja, na hesabu ya siku zako zisizokatika imerudi sifuri. Wengi huacha hapo, nami niliwahi kuacha hapo. Zuia maneno mapya yote mpaka deni liishe, rudia kadi 40 kwa siku, na hesabu ya siku uisahau kabisa, kwa kuwa iliwekwa ili uifungue programu tena.

Kikundi chetu kidogo hukutana Alhamisi jioni. Sasa tunasoma Ruthu kwa Kiebrania, nasi tumeikawia sura ya kwanza. Jioni moja tulikaa barazani, na jirani yetu, mwalimu wa madrasa, akapita na kutusalimu. Tulimkaribisha. Mmoja wetu alikuwa akieleza, kwa kadi yake mkononi, kwamba Bethlehemu ni «nyumba ya mkate», kwa kuwa lechem ni mkate.

«Mchungaji, samahani,» akasema, «sisi kwa Kiarabu lahm ni nyama.»

«Kweli, Shehe?»

«Nyama kabisa. Na mji wenyewe twauita Bait Lahm.»

Tukaitazama kadi. Programu ilikuwa imetukaririsha neno lile kwa miezi mitatu bila kukosea. Tulimwomba aketi, akaletewa kahawa, nasi tukarudi kwenye aya ya kwanza, ile isemayo habari za njaa katika mji huo wenye jina la chakula, kuona kama neno hilo la kale lilikuwa na nafasi ya vyote viwili.